Jirani kavuka mpaka na kiwanja kina hati: baraza la ardhi lina uwezo gani?

Majibu haya yanahusu Tanzania Bara, na yanahusu ardhi iliyopimwa na kusajiliwa, yaani kiwanja au shamba ambalo hati yake imeandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati. Yameandikwa kwanza kwa ajili ya mtu anayekwenda barazani bila wakili. Mashauri mengi ya mipaka yanaanguka hata pale mwenye kiwanja alipokuwa na haki, kwa sababu alibisha hodi kwenye mlango usio wake, au alisahau kitu kimoja kidogo ambacho sheria inakiona kikubwa.

Baraza linalozungumziwa hapa ni lipi?

Ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lililoanzishwa na Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, Sura ya 216. Linaongozwa na mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, akikaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Juu yake kuna Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, na chini yake kuna baraza la kata na, kwa vijijini, baraza la ardhi la kijiji.

Mahakama ya mwanzo na mahakama ya wilaya hazisikilizi mgogoro wa umiliki wa ardhi. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, mkuu wa wilaya na polisi wanaweza kuwaita mkae mzungumze, na mara nyingi wanasaidia sana. Lakini barua ya mtendaji inayosema "mpaka uishie kwenye mwembe" si hukumu, na jirani akiipuuza hakuna dalali (mtu anayeteuliwa kutekeleza amri za baraza au mahakama) atakayekuja kuitekeleza.

Lazima nianzie baraza la kata?

Ndiyo. Zamani baraza la kata liliweza kuamua mgogoro wa ardhi wenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea mamlaka hayo, na sasa kazi yake ni usuluhishi tu. Baraza la wilaya halitakiwi kusikiliza shauri la ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwa maandishi kwamba usuluhishi umeshindikana.

Sheria imeacha njia ya pili: siku 30 zikipita tangu ulipofikisha lalamiko bila suluhu kupatikana, unaweza kwenda wilayani hata bila cheti hicho. Kwa hiyo siku unayopeleka lalamiko kata, hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wenye tarehe. Bila muhuri huo utashindwa kuonyesha siku 30 zilianza kuhesabiwa lini, na pingamizi la awali la upande wa pili, yaani hoja ya kisheria inayotolewa kabla shauri halijasikilizwa, litakurudisha ulikotoka. Mawakili hawaruhusiwi kuwakilisha watu mbele ya baraza la kata. Wilayani unaweza kusimama mwenyewe, kuwa na wakili, au kuwakilishwa na ndugu au mtu wa kaya yako.

Kiwanja changu kimesajiliwa. Baraza litauchora mpaka upya?

Hapana. Hili ndilo jambo la kulielewa kabla ya mengine yote.

Kwenye ardhi isiyopimwa, mpaka unaishi kwenye vinywa vya watu: minyaa iliyopandwa na babu, mfereji, jiwe, njia ya ng'ombe. Mashahidi wakigongana, baraza linapima nani wa kuaminiwa. Kwenye ardhi iliyosajiliwa mpaka umeshaandikwa. Hati yako inataja namba ya kiwanja, kitalu, eneo kwa mita za mraba, na ina mchoro. Mchoro huo umetokana na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Ramani nayo imetokana na bikoni, yaani alama za mpaka zilizowekwa ardhini, ambazo kila moja ina vipimo vyake kwenye kumbukumbu za upimaji. Kazi ya baraza ni kuutafuta mpaka uliopo na kusema nani ameuvuka. Haliwezi kusema, "Kwa kuwa ninyi ni majirani wa siku nyingi, gawaneni hii mita moja." Huruma ya namna hiyo ina nafasi yake kwenye usuluhishi, lakini hukumu haijengwi juu yake.

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30. Jirani amejenga ukuta kwa urefu wote wa mita 30, na ukuta umeingia ndani mita 1.5. Hapo unagombania mita za mraba 45 kati ya 600. Baraza litajiuliza maswali mawili tu: mstari wa kati ya bikoni zenu mbili unapita wapi, na ukuta uko upande gani wa mstari huo?

Nitajuaje kama shauri langu ni la baraza kweli?

Jiulize kosa liko wapi. Kuna mgogoro wa ardhini na kuna mgogoro wa kwenye makaratasi, na inayowachanganya watu ni kwamba yote miwili kwa macho inaonekana sawa: ukuta umesimama mahali unapoamini ni pako.

Mgogoro wa ardhini ni pale ramani, hati yako na hati ya jirani vinakubaliana, ila mtu amejenga, amelima au amehamisha uzio kupita mstari. Huo ni wa baraza, na ukijiandaa vizuri ni shauri fupi.

Mgogoro wa kwenye makaratasi ni pale hati mbili zinadai kipande kilekile. Labda upimaji wa pili ulipanda juu ya upimaji wa kwanza, au halmashauri iligawa kiwanja kimoja mara mbili, au eneo lililoandikwa kwenye hati halilingani na ramani. Hapa jirani yako naye ana karatasi halali mkononi, na aliyekosea ni ofisi ya umma.

Njia ya kujua ni kufufua mipaka kabla ya kufungua shauri. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri au tafuta mpima mwenye leseni, achukue vipimo vya ramani iliyoidhinishwa, aje kiwanjani atafute bikoni za zamani na kurudishia zilizopotea. Mwalike jirani kwa barua, na mwenyekiti wa mtaa awepo. Mpima akifukua chini ya ukuta na kukuta chuma kilichozamishwa kwenye zege mahali palepale vipimo vinaposema, ugomvi mwingi huishia hapohapo, watu wakiangalia. Usipoishia hapo, unabaki na ripoti na shahidi.

Kama kosa ni la upimaji au viwanja vimepandana, niende wapi?

Mahakama Kuu. Sababu yake ni hii: huwezi kumaliza shauri la namna hiyo bila kuwaunganisha halmashauri, Kamishna wa Ardhi au Msajili wa Hati, maana wao ndio wenye majibu ya nani aligawa nini, lini, na kwa ramani ipi. Shauri dhidi ya Serikali hufunguliwa Mahakama Kuu, baada ya notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali akiwa mmoja wa wadaiwa. Tangu marekebisho ya 2020, utaratibu huo unazihusu pia halmashauri na mashirika ya umma.

Wapo wanaokwepa notisi hiyo kwa kumshtaki jirani peke yake barazani, wakidhani wameokoa muda. Wanashinda, wanasherehekea, halafu kwenye rufaa hukumu inafutwa kwa sababu mhusika muhimu hakuunganishwa. Miaka imepita, na shauri linarudi sifuri. Siku 90 ni nyingi unapomwona mtu anamwaga zege kwenye kiwanja chako, lakini ni chache kuliko hizo.

Thamani ya kiwanja ina uhusiano gani na mamlaka ya baraza?

Tangu marekebisho ya 2018, baraza la wilaya linasikiliza madai ya kurejeshewa ardhi au nyumba yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Madai mengine yanayoweza kukadiriwa kwa fedha yana ukomo wa milioni 200. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kwenye mgogoro wa mpaka kinachogombewa kwa kawaida ni kipande, kwa hiyo mara nyingi baraza linatosha. Lazima makadirio ya thamani yaandikwe kwenye maombi. Ukiyaacha, umempa mpinzani wako pingamizi la bure.

Maombi yaandikwe vipi?

Kanuni za mabaraza za mwaka 2003 (Tangazo la Serikali Na. 174) zinataka majina na anwani za wahusika, mahali ardhi ilipo, aina ya mgogoro na chanzo chake, makadirio ya thamani, na nafuu unazoomba.

Hapo penye "mahali ardhi ilipo" ndipo pa kutumia nguvu zako. Kwa ardhi iliyosajiliwa, usiandike "kiwanja changu kilichopo Mbezi karibu na kanisa." Andika namba ya kiwanja, kitalu, mtaa, kata, namba ya hati na namba ya ramani ya upimaji kama unayo. Kisha eleza kipande chenyewe: kiko upande gani wa kiwanja, kati ya bikoni ipi na ipi, kimeingiliwa kwa upana na urefu gani. Ambatisha nakala ya hati na mchoro wa mpima. Hukumu itanakili maelezo yako. Kama maelezo ni ya juujuu, siku ya kutekeleza dalali atafika na kuuliza abomoe kutoka wapi, na hakuna atakayemjibu. Mahakama za juu zimekwishatupa mashauri kwa sababu hiyo tu.

Jirani akishapokea maombi ana siku 21 za kuleta majibu ya maandishi.

Nani anatakiwa kuthibitisha, na kwa ushahidi gani?

Anayedai ndiye anayethibitisha, kwa kiwango cha mashauri ya madai: baraza lione kwamba maelezo yako yana uzito kuliko ya mwenzako. Hati ni mwanzo mzuri sana. Mahakama ya Rufani imeeleza, katika Rufaa ya Madai Na. 35 ya 2019, kwamba watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati huhesabiwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali.

Hata hivyo, kwenye mgogoro wa mpaka hati peke yake mara nyingi haitoshi, kwa sababu jirani naye anayo yake na wala hamgombanii umiliki. Hati inasema una mita za mraba 600, lakini haimwonyeshi mwenyekiti zinaanzia wapi ardhini. Anayeweza kuonyesha ni mpima. Mlete aje atoe ushahidi kwa mdomo, aeleze alitumia ramani ipi, alianzia bikoni ipi, alikuta nini na hakukuta nini. Ripoti iliyoletwa bila mwandishi wake inapigwa maswali ambayo haiwezi kuyajibu.

Nimepima kwa simu na inaonyesha jirani kaingia. Inatosha?

Hapana, na inaweza kukudhuru. Simu ya kawaida, hata pakiwa wazi bila miti wala maghorofa, inakosea kwa mita kadhaa, na mgogoro wako ni wa mita moja na nusu. Mpima anatumia vifaa vinavyosoma kwa sentimita.

Kuna mtego mwingine ambao umewagombanisha watu bure. Ramani nyingi za zamani nchini zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati simu yako inatumia WGS 84. Ukichukua namba za kwenye ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo, utapelekwa karibu mita 300 kutoka kiwanja kilipo. Mtu akifanya hivyo anaamini hati yake ni ya kughushi au ameuziwa barabara, kumbe kiwanja kiko palepale. Kazi ya kubadilisha mfumo mmoja kwenda mwingine mwachie mpima.

Baraza litakuja kuona kiwanja?

Linaweza, na kwenye mipaka mara nyingi ni busara lifanye hivyo. Sheria hailazimishi: msimamo wa mahakama ni kwamba baraza hutembelea eneo pale tu ushahidi uliotolewa ukumbini unapoacha jambo ambalo macho ndiyo yatalimaliza. Mashahidi wa pande zote mbili wakikubali kwamba bikoni ipo ila kila mmoja anaionyesha mahali pake, hilo ndilo jambo lenyewe. Omba ziara wewe mwenyewe, na mapema, kabla ya ushahidi kufungwa.

Ziara ina utaratibu wake, uliowekwa na Mahakama ya Rufani tangu shauri la mwaka 1980 na kurudiwa mara nyingi baadaye. Pande zote na mawakili wao wawepo, na mashahidi watakaohitajika wawepo. Wazee wa baraza nao wawepo. Mwenyekiti anaandika anachoonyeshwa na kinachosemwa, upande mmoja unaonyesha, mwingine unapata nafasi ya kuuliza na kuonyesha cha kwake. Baraza likirudi ukumbini, yaliyoandikwa yanasomwa mbele ya wote, na kila upande unaruhusiwa kusahihisha au kuongeza ushahidi kuhusu yaliyoonekana.

Kwenye uwanja mambo haya hulegea kwa urahisi. Jua ni kali, majirani wamekusanyika, kila mtu anaonyesha kidole. Mzee mmoja wa baraza anabaki kivulini akizungumza na mama mkwe wa mjibu maombi. Mpima anasema "bikoni hii hapa," mwenyekiti anatikisa kichwa, na hakuna aliyeandika. Wiki mbili baadaye hukumu inasema "baraza lilipotembelea eneo lilijionea," lakini kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa na kufanyika, hakuna ukurasa wa ziara. Hukumu ya namna hiyo inamrahisishia aliyeshindwa kazi ya kukata rufaa. Kwa hiyo ukiwa pale, hata kama wewe si mwanasheria, mwombe mwenyekiti kwa adabu aandike kilichoonekana, na mkirudi omba kisomwe. Unalinda ushindi wako mwenyewe.

Wazee wa baraza wana kazi gani hasa? Mwenyekiti si ndiye anayeamua?

Anayeamua ni mwenyekiti, lakini hawezi kuamua kabla hajapata maoni yao. Kanuni zinataka wayatoe kwa maandishi, na Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba yasomwe mbele ya wahusika kabla ya hukumu. Mwenyekiti hafungwi nayo, ila akitofautiana nao lazima atoe sababu. Haitoshi kuandika kwenye hukumu kwamba "wazee wameshauri." Katika Rufaa ya Madai Na. 287 ya 2017, iliyotoka Mbeya, Mahakama ya Rufani ililisisitiza jambo hili, na si shauri pekee la aina hiyo.

Siku shauri linapofungwa, sikiliza kama tarehe imepangwa ya kusoma maoni. Kama mnapelekwa moja kwa moja kwenye tarehe ya hukumu, simama uulize. Ni swali la dakika moja linaloweza kukuepusha na kuanza upya.

Shauri linaendelea na yeye anaendelea kujenga. Nifanye nini?

Omba zuio la muda, kwa hati ya dharura (karatasi inayoeleza kwa nini jambo haliwezi kusubiri) na kiapo. Tangu miaka ya 1960 mahakama zetu zinatazama mambo matatu: kuna swali la msingi la kuamuliwa na dalili kwamba unaweza kushinda, bila zuio utapata hasara isiyofidika kwa fedha, na usumbufu utakaokupata wewe zuio likikataliwa ni mkubwa kuliko utakaompata yeye likitolewa. Picha zenye tarehe na ripoti ya mpima ndizo zitakazobeba kiapo chako. Usisubiri mpaka paa lipigwe. Ukikaa kimya akamaliza, atasema uliona na ukanyamaza.

Mwishoni baraza linaweza kuamuru nini?

Linaweza kutamka kwamba kipande kilichoainishwa ni sehemu ya kiwanja chako. Linaweza kumwamuru jirani aondoke, abomoe ukuta au msingi uliovuka, na lizuie asiingie tena. Linaweza kukupa fidia kwa hasara uliyothibitisha, na gharama za shauri. Mara nyingi amri ya vitendo inatajwa pamoja na mpima: mipaka ifufuliwe kwa mujibu wa ramani namba fulani, na kila kilichovuka mstari kiondolewe.

Lisiloweza ni kubatilisha miliki kwa kukiukwa masharti, kwa sababu hayo ni mamlaka ya Rais chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999. Kurekebisha daftari la Msajili nako si kwake: njia yake ni kwa Msajili mwenyewe au Mahakama Kuu. Haliwezi kukuongezea eneo zaidi ya lililo kwenye hati kwa sababu umelitumia vizuri, na haliwezi kumfunga mtu kwa jinai.

Tumeelewana na jirani tusogeze mpaka. Tukiandikishana kwa mjumbe inatosha?

Maelewano ni jambo jema, na kama shauri liko barazani mnaweza kuyawasilisha yaandikwe kuwa uamuzi wa baraza. Ila tofautisha vitu viwili. Kukubaliana kwamba mpaka *uko* kwenye bikoni fulani, na ukuta utabomolewa kufikia tarehe fulani, ni sawa kabisa. Kukubaliana kwamba mpaka *uhame*, yaani yeye abaki na mita zako 45 na akulipe, ni kuhamisha ardhi iliyosajiliwa. Hiyo inahitaji mgawanyo, upimaji mpya, idhini na usajili. Bila hayo daftari litaendelea kusema mita 600, na mtoto wako au mnunuzi atakayekuja atafungua ugomvi uleule dhidi ya mjane wa jirani yako, karatasi ya mjumbe ikiwa imeshaliwa na mchwa.

Ukuta una miaka 15. Nimechelewa?

Huenda. Muda wa kudai kurejeshewa ardhi ni miaka 12 tangu haki ya kudai ilipozaliwa, na kwa ukuta kwa kawaida ni siku ulipovuka. Kununua kiwanja hakuanzishi saa upya. Ukinunua leo kiwanja ambacho jirani alikivamia miaka 11 iliyopita, umebakiwa na mwaka mmoja. Ndiyo maana mtu mwenye akili hufufua mipaka kabla ya kulipa, hata muuzaji akinuna.

Kwa upande wa pili, jirani asidhani miaka 12 peke yake inampa kipande. Mahakama ya Rufani imeweka masharti magumu kwa anayedai ardhi kwa kuikalia muda mrefu: awe ameikalia waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenye mali, akiwa na nia ya kuimiliki. Uliyemruhusu kupanda mchicha upande wako hana dai hilo.

Jirani ameng'oa bikoni usiku. Hilo nalo ni la baraza?

Kung'oa au kuhamisha alama ya mpaka ni kosa la jinai. Ripoti polisi, chukua namba ya taarifa, piga picha shimo. Jinai ina mahakama yake, na dai lako la ardhi linaendelea barazani. Bikoni ikipotea mpaka haupotei, kwa kuwa vipimo viko kwenye kumbukumbu za upimaji. Aliyeng'oa amekuongezea gharama ya mpima tu, na gharama hiyo unaweza kumdai.

Nina hati ya kimila ya kijiji, siyo ya kiwanja. Ni sawa?

Mengi ni sawa, ila msingi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na baraza la ardhi la kijiji lina nafasi ya kuwasuluhisha. Mipaka ya hati hizi mara nyingi ilihakikiwa na majirani wenyewe shambani, kwa hiyo watu waliokuwepo siku ya uhakiki ni mashahidi wa thamani sana. Andika majina yao wangali hai.

Zanzibar na Kenya ni hivihivi?

Hapana. Ardhi si jambo la Muungano, na Zanzibar ina Mahakama ya Ardhi iliyoanzishwa kwa sheria yake ya 1994. Kenya ilikuwa na mabaraza ya migogoro ya ardhi chini ya sheria ya 1990, yaliyoruhusiwa kuamua mipaka lakini si umiliki wa ardhi iliyosajiliwa. Mengi yalivuka uwezo huo na maamuzi yao yakafutwa, na sheria yenyewe ikafutwa 2011. Leo, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ya Kenya, mahakama haipokei shauri la mpaka wa ardhi iliyosajiliwa mpaka Msajili wa Ardhi awe ameuainisha kwanza.

Sikuridhika na uamuzi. Nina muda gani?

Siku 45 kwenda Mahakama Kuu. Omba nakala za hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) kwa barua siku ileile uamuzi unaposomwa, na utunze nakala ya barua yenye muhuri. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku ya kuchelewa. Kama uamuzi ulitolewa bila wewe kuwepo, njia ya kwanza ni kuliomba baraza lilelile liutengue, ndani ya siku 30. Kukata rufaa peke yake hakuzuii utekelezaji, na zuio la utekelezaji linaombwa kivyake.

Nimeshinda na hataki kubomoa. Nibomoe mwenyewe?

Usibomoe. Ukichukua nyundo utatoka kuwa mshindi wa shauri la madai na kuwa mshtakiwa wa kuharibu mali. Andika maombi ya utekelezaji kwa mwenyekiti. Atamwamuru jirani atii ndani ya siku 14. Siku hizo zikipita bila kutii, na pingamizi zake kama anazo zikisikilizwa, baraza linateua dalali kufanya kazi hiyo. Siku ya kubomoa awepo mpima na karatasi ya vipimo, mstari uchorwe kwa chokaa kutoka bikoni hadi bikoni, na mafundi waishie kwenye chokaa. Wakizidisha hata nusu mita, jirani atakuwa na shauri jipya, na safari hii mdaiwa utakuwa wewe.